Breki za gari ya zamani: nini ununue kwanza, nini kisubiri

Mtu akishamaliza bodi, rangi imekauka, injini inawaka vizuri, ndo anakumbuka breki. Na akikumbuka anakimbilia seti kubwa ya diski nne zenye kalipa (vibanio vya diski) nyekundu kwasababu zinaonekana vizuri kwenye matundu ya rimu. Kwangu mimi hiyo ndo iko mkiani kabisa. Nimefufua magari matatu ya miaka ya 60 na 70, na kila moja nililinunulia breki kwa mpangilio wake, kwahiyo hapa naweka mpangilio ambao ningeufuata leo kama naanza upya.

Kabla hujatoa hela yoyote jiulize hiyo gari itatembea vipi. Spidi ikiongezeka mara mbili joto ambalo breki zinatakiwa kulimeza linaongezeka mara nne, yaani kusimama kutoka 100 sio kusimama kutoka 50 mara mbili, ni mara nne. Kama injini ni ileile ya kiwandani, tairi nyembamba, na unatembea taratibu wikiendi, dramu zake (breki za bakuli linalozunguka na gurudumu) zikiwa nzima na zimesetiwa vizuri zinatosha kabisa na usikubali mtu akutishe. Kama umeweka injini kubwa zaidi, au unaishi kwenye milima yenye mteremko mrefu, au unabeba familia, hapo soma hadi mwisho.

Namba 1: masta silinda ya vyumba viwili

Hii haina mjadala. Masta silinda ndo pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli. Magari mengi ya zamani yalitoka na masta silinda ya chumba kimoja, maana yake magurudumu yote manne yanategemea njia moja ya mafuta, ikivuja sehemu moja tu umekosa breki zote. Marekani magari mengi yalianza kuja na vyumba viwili kuanzia modeli za 1967, kwahiyo kama yako ni ya kabla ya hapo fungua boneti uangalie sasa hivi, tanki moja dogo la duara maana yake ni chumba kimoja.

Mimi nilijua umuhimu wake siku wili silinda (silinda ndogo inayosukuma breki ya gurudumu) ya nyuma kushoto ilipoachia. Nilikuwa nakaribia makutano, nikakanyaga, pedeli ikashuka nusu kama kawaida halafu ikaendelea kushuka hadi ikagusa kapeti, hakuna sauti, hakuna kitu. Nikapampu mara mbili, tatu, hamna. Nikavuta handbreki huku narudisha gia hadi ya kwanza na gari ikasimama pembeni, mikono inatetemeka. Nilipochungulia chini nikaona mafuta yamelowesha ndani yote ya tairi. Raba moja ndogo ya duara, upana wake haufiki hata sarafu, ndo ilitaka kuniondoa. Ningekuwa na vyumba viwili ningebaki na breki za mbele, na mbele ndo kwenye kazi kubwa, kama asilimia 70 hivi.

Ukinunua angalia kipenyo cha pistoni ya ndani na hapa ndo watu wengi wanakosea. Kubwa sio bora. Pistoni ndogo inatoa presha kubwa zaidi ila pedeli inashuka zaidi, pistoni kubwa pedeli inakuwa fupi na ngumu kama unakanyaga jiwe. Kutoka inchi 1 kwenda inchi 7/8 presha inaongezeka karibu asilimia 30 kwa nguvu ileile ya mguu, na pedeli nayo inatembea zaidi kwa kiasi hichohicho. Kama hutaweka busta (kifaa cha kusaidia mguu kukanyaga) chukua ndogo. Na muulize muuzaji swali moja: hii ni ya dramu au ya diski? Za dramu nyingi zina valvu ndani inayobakiza presha kidogo, kama psi 10 (psi ni kipimo cha presha), kwenye paipu, ambayo kwa dramu ni sawa ila ukifunga kalipa mbele pedi zitakuwa zinabana diski muda wote hadi zinanuka.

Namba 2: hosi, paipu na mafuta mapya

Hakuna anayepiga picha hosi mpya akaziweka mtandaoni, ndo maana zinasahaulika, lakini kwa hela kidogo hakuna kitu kinachobadilisha gari kama hiki. Hosi ya raba ya zamani inavimba kwa ndani huku nje inaonekana nzima. Gari yangu ya pili ilikuwa inavuta kulia kila nikishika breki halafu gurudumu la kulia linabaki limeshikwa, nikabadilisha wili silinda, nikabadilisha lainingi (vipande vya msuguano vya dramu), bado. Mwishowe nikaikata ile hosi kwa wembe kwa urefu. Ndani tundu lilikuwa limejaa raba iliyochubuka, limebaki kama la sindano, na kipande kimoja kimelegea kimekaa kama mlango, mafuta yanasukumwa kwenda lakini hayarudi. Nje ile hosi ilikuwa safi inang'aa. Tangu hapo hosi yoyote nisiyojua umri wake naitoa tu bila kuikagua.

Raba mpya nzuri inatosha. Hosi za kusukwa kwa waya wa stenlesi zinafanya pedeli iwe kavu kidogo na mimi nazipenda, ila hakikisha zina alama ya kuruhusiwa barabarani na urefu wake unafika usukani ukikatwa mwisho wote wawili huku gari ikiwa imening'inia kwenye jeki.

Paipu chukua zile za mchanganyiko wa kopa na nikeli. Hazishiki kutu, zinapindika kwa mkono, na zinapanuliwa mdomo kirahisi kuliko chuma. Kopa tupu ya mafundi friji usiiguse, mtetemo unaigandisha inakuwa ngumu halafu inapasuka. Sasa nisikilize vizuri hapa: nati za inchi 3/8 zenye nyuzi 24 na nati za milimita M10 zinafanana sana kwa macho, ile ya inchi 3/8 inaingia kwenye tundu la M10 bila shida na unajisikia umefunga kabisa, halafu siku ya breki ya ghafla inang'oka na nyuzi zake. Magari ya Kimarekani na Kiingereza ya zamani mengi ni inchi, spea nyingi za kisasa ni milimita, na wewe unachanganya vyote kwenye gari moja. Nati ikicheza ukiitikisa kabla haijakaza, sio yake. Halafu mdomo wa paipu nao una aina mbili, ule uliokunjwa mara mbili na ule wa kibubujiko, kila mmoja una kiti chake na havibadilishani.

Mafuta ya breki: daraja la DOT 4 kwa karibu kila mtu. Mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230 wakati DOT 3 ni 205, lakini yote mawili yanavuta unyevu wa hewa na yakishalowa DOT 4 inashuka hadi 155, kwahiyo badilisha kila miaka miwili hata kama gari imekaa gereji tu. DOT 5 ya silikoni haivuti maji na haili rangi ya gari, kwa gari ya kukaa muda mrefu ni nzuri, lakini haichanganyiki na hizo nyingine hata tone, lazima mfumo wote uwe mpya au umesafishwa kabisa, na pedeli yake huwa laini kidogo. Na DOT 5.1 sio DOT 5, majina yanakaribiana tu, hiyo ni ya ukoo wa DOT 4.

Namba 3: diski za mbele

Hapa ndo raha ilipo. Dramu ikipata moto inatanuka, inakimbia kutoka kwenye lainingi, pedeli inashuka na nguvu inaisha, na ukipita kwenye maji inateleza. Diski inapigwa na upepo pande zote na maji yanarushwa nje. Jaguar walishinda Le Mans 1953 wakiwa na diski na Citroën DS ikaja nazo mbele mwaka 1955.

Kuna njia tatu za kuzipata na naziweka kwa mpangilio wa ubora. Ya kwanza, na bora kwa mbali, ni spea za ndugu yake mdogo, yaani modeli ya baadaye ya gari hiyohiyo. Mini zote zilianza kutoka na diski za inchi 8.4 mwaka 1984 na zinaingia kwenye Mini za zamani, ila rimu za inchi 10 hazivuki, inabidi uhamie za 12. Beetle ya Volkswagen yenye mbele ya boljointi inapokea diski za Karmann Ghia, dada yake. Uzuri wa njia hii ni kwamba kiwanda kilishapiga hesabu zote, beringi zinajulikana, na miaka kumi ijayo pedi utazipata. Ukinunua zilizotumika soma namba iliyochongwa kwenye diski ya unene wa chini kabisa na uipime kwa kalipa ya kupimia, usiamini macho.

Ya pili ni seti iliyotengenezwa maalum, inakuja na brakati (vishikio vya kalipa), diski, kalipa, hosi. Nzuri, lakini muulize muuzaji maswali matatu kabla hujalipa: rimu ya chini kabisa inayovuka ni inchi ngapi, gurudumu linasogea nje kiasi gani kila upande, na pedi zake zinatumika kwenye gari gani nyingine. Akishindwa kujibu la tatu achana naye, maana yake siku pedi zikiisha umerudi kwake au unatupa seti nzima. Wauzaji wazuri wanakupa mchoro wa karatasi, unaukata unauingiza ndani ya rimu yako kuona kama kalipa itagusa. Fanya hivyo.

Ya tatu ni kuchanganya mwenyewe, kalipa ya gari hii na diski ya ile na brakati ya kuchonga. Mimi siipendekezi kama huna mtu anayejua kweli kuchomelea na kupima, brakati ya breki sio bango la geti.

Njia yoyote utakayochukua, ukishakuwa na diski mbele na dramu nyuma unahitaji valvu ya kupunguza presha ya nyuma, la sivyo nyuma zitafunga kwanza na gari itazunguka. Chukua inayorekebishwa kwa mkono, jaribu sehemu tupu isiyo na mtu, rekebisha hadi mbele zifunge kabla ya nyuma. Na kama masta silinda yako iko chini ya sakafu, chini kuliko kalipa, ongeza valvu ndogo ya psi 2 kwenye njia ya mbele ili mafuta yasirudi yenyewe.

Kitu kimoja cha kufunga: kiskurubu cha kutolea upepo lazima kiwe juu ya kalipa. Nilishafunga kushoto kulia na kulia kushoto, zilikaa vizuri kabisa, nikatoa upepo mchana mzima chupa mbili za mafuta zikaisha na pedeli bado sponji. Hewa inakaa juu, kiskurubu kiko chini, haitoki kamwe.

Namba 4: busta

Wengi wanadhani busta inafanya gari isimame karibu zaidi. Hapana, inapunguza nguvu ya mguu tu, kama ulikuwa unaweza kufunga matairi bila busta umbali utabaki uleule. Ila kwa gari nzito yenye diski, au kama anaendesha mtu mwenye miguu isiyo na nguvu, ni raha sana na inastahili hela. Pima vakyumu ya injini kwanza ikiwa inaunguruma bila kukanyaga mafuta: unataka karibu inchi 18 za zebaki. Injini yenye kamshafti ya mbio haifiki hapo na busta itakuwa chuma cha bure bila pampu ya umeme. Zile busta za kufunga mbali kwenye bodi ni nzuri kwa nafasi, lakini moja inasaidia njia moja tu ya mafuta, ukiwa na vyumba viwili unafunga kwenye njia ya mbele au ununue mbili.

Namba 5: dramu za nyuma, zifufue

Lainingi mpya, spring mpya, wili silinda mpya, basi. Angalia namba ya kipenyo cha mwisho iliyochongwa kwenye dramu kabla hujampa fundi aichonge. Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, usipulize lile vumbi na kompresa hata siku moja, lowesha kwa maji ya sabuni ufute na kitambaa utupe.

Namba 6: diski za nyuma

Nyuma zinafanya kazi ndogo na handbreki ya dramu ni imara na rahisi, ukiweka diski nyuma handbreki ndo inakuwa tatizo jipya, nyaya mpya, kalipa zenye mkono wake, na mara nyingi inashika kidogo kuliko mwanzo. Kama una nguvu kubwa kwenye injini na tairi pana nyuma, sawa. Wengine hiyo hela ipeleke kwenye tairi nzuri, maana breki inasimamisha gurudumu, tairi ndo inasimamisha gari.

Ukishafunga vyote kanyaga pedeli kwa nguvu zako zote sekunde thelathini injini ikiwa imezimwa, isishuke. Iache gari ilale hivyo na karatasi nyeupe chini ya kila gurudumu na chini ya masta silinda, asubuhi pita na tochi kila maungio kabla hujaiwasha, na kilomita za kwanza shika breki polepole kutoka 50 hadi 15 mara kumi hivi, ukiacha zipoe kati ya kila moja.