Kufuli liwe kwenye profaili ya mzazi: uzoefu wangu na Netflix na YouTube Kids

Ukiwauliza wazazi wenzangu hapa Dar kama wamewawekea watoto udhibiti kwenye Netflix, wengi watajibu ndiyo, wamewafungulia profaili ya Kids. Mimi huwa nauliza swali la pili: profaili yako wewe ina namba ya siri? Hapo wengi huguna.

Profaili ya Kids inachuja kinachoonekana ndani yake, haimzuii mtoto kutoka. Akibonyeza sehemu ya kutokea anarudi kwenye ukurasa wa kuchagua nani anaangalia, na pale picha ya baba na ya mama zinamsubiri. Hahitaji kujua kusoma. Anachagua kwa rangi ya picha, basi yuko kwenye filamu zako za saa nne usiku.

Nina wawili, binti wa darasa la nne na mdogo wake aliye chekechea. Tuna TV moja sebuleni, simu yangu na tableti ya zamani ambayo kioo chake kina ufa lakini bado inapiga kazi. Netflix inaruhusu profaili tano kwenye akaunti moja, nasi tumezigawana: yangu, ya baba yao, ya binti, ya mdogo, na ya tano nimeiita Wageni.

Kazi yenyewe nilifanya kwenye laptop, si kwenye TV, na nakushauri hivyo hivyo, maana kuandika kwa rimoti ni adhabu. Unaingia kwenye akaunti kupitia kivinjari, unachagua profaili, halafu unafungua sehemu ya udhibiti wa wazazi. Kabla ya kukuruhusu kubadili chochote itataka nywila ya akaunti au itakutumia msimbo kwa simu au barua pepe. Kwa hiyo nywila ya Netflix isiwe ile ambayo nyumba nzima inaijua.

Nilianza na profaili za wakubwa. Unaweka namba ya siri ya tarakimu nne, na papo hapo kuna kisanduku cha kuweka tiki ili mtu asiweze kuongeza profaili mpya bila namba hiyo. Usikiruke. Ukikiacha wazi, mtoto mjanja anajifungulia profaili yake mwenyewe ya mtu mzima na kufuli lako linabaki pambo. Siku hiyo jioni mdogo aliona alama ya kufuli chini ya picha ya baba yake akauliza, "Mama, baba amefungiwa?" Nikamwambia ndiyo.

Kuhusu namba yenyewe, usiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wala namba ya gari. Na kumbuka kwamba kwenye TV unaichagua kwa rimoti, tarakimu moja baada ya nyingine, mbele ya mtu aliyekaa kwenye zulia akifuatilia kila unapobonyeza. Binti yangu wa darasa la nne ana kumbukumbu kuliko mimi. Mimi huingiza namba watoto wakiwa hawapo sebuleni, na nikihisi imeshajulikana naibadilisha kupitia laptop, ni kazi ya dakika mbili.

Baada ya hapo ndipo ukaja umri. Kila profaili unaipangia kikomo chake: mdogo nimemwacha kwenye ngazi ya chini kabisa, dada yake kwenye 7+. Lakini zile alama za umri zinaangalia mambo ya jumla, kama damu, matusi, mapenzi. Hazijui kwamba binti yangu akiona mwanasesere anayefumbua macho mwenyewe halali siku mbili, wala hazijui kwamba bibi yao hataki kusikia habari za wachawi ndani ya nyumba, hata kama ni wachawi wa katuni wenye ufagio wa pinki. Kwa mambo ya namna hiyo kuna kitu nakipenda kuliko vyote humo: kuzuia kwa jina. Unaandika jina la filamu au tamthilia, unalichagua, unahifadhi, na kwenye profaili ile haitaonekana tena, hata akiitafuta. Kila jina linazuiwa peke yake, kwa hiyo kama filamu ina sehemu ya pili na ya tatu, zizuie zote. Na usishangae ukikuta bado ipo kwenye TV iliyokuwa imewashwa; toka kwenye profaili, ingia tena, mabadiliko yatasoma.

Tukija kwenye bando. Wenye intaneti ya mwezi isiyo na kikomo waruke aya hii. Kwenye kila profaili kuna sehemu ya kuzima uchezaji wa wenyewe, yaani kipindi kikiisha kingine kisianze bila mtu kubonyeza, na vionjo visijicheze mtu anapopita tu kutafuta cha kuangalia. Nimezima vyote viwili kwa watoto. Faida ya kwanza ni ugomvi kupungua, kwa sababu katuni inaisha kweli. "Hiki cha mwisho" kina maana. Faida ya pili ni data. Humo humo unachagua pia profaili itumie data kwa kiwango gani: cha chini kinakula hadi GB 0.3 kwa saa, cha kati GB 0.7, na cha juu kwa picha ya HD hadi GB 3. Katuni za mdogo nimeziweka kiwango cha chini na hajawahi kulalamika kuhusu ubora wa picha.

Historia ya kutazama nayo ipo, kwa kila profaili, na tarehe zake. Mimi huipitia mara moja moja, zaidi kwa udadisi. Humo ndimo nilimogundua kwamba mdogo anarudia kipindi kimoja cha magari kana kwamba ana mtihani nacho.

Kwa ujumla Netflix naipa nne kati ya tano. Ningeipa tano kama ingekuwa na kikomo cha muda wa kutazama kwa siku.

YouTube ni habari nyingine, na huko ndiko watoto wetu wanakokaa zaidi, tusidanganyane. Programu ya YouTube Kids inakupa ngazi tatu: miaka minne kushuka chini, mitano hadi minane, na tisa hadi kumi na mbili. Ipo pia njia ya nne, ya wewe mwenyewe kuidhinisha kila kitu, na ndiyo niliyoichagua kwa mdogo. Hapo kutafuta kunazimika kabisa, anaona tu chaneli na video ulizomruhusu. Inachosha mwanzoni, unakaa jioni nzima unachagua. Nilianza na katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na zinazoongea Kiswahili chetu, nikaongeza nyimbo za herufi na namba, nikaongeza video za treni kwa sababu bila treni hakuna amani.

Saa ya kuhesabu muda ndiyo inayoniokoa. Unaipanga, muda ukiisha programu inajifunga yenyewe na kumwambia mtoto muda umekwisha. Kumbe mtoto akiambiwa na mashine analia kidogo kuliko akiambiwa na mama.

Tahadhari moja: mlango wa mipangilio ya wazazi kwa kawaida unalindwa na swali la kuzidisha. Kwa mtoto wa chekechea linatosha. Kwa mtoto wa darasa la nne aliyekaririshwa tebo shuleni, hilo ni zoezi la kufurahisha tu. Weka namba yako ya siri badala yake, sehemu ya kufanya hivyo ipo.

Lakini YouTube Kids kwenye simu haikusaidii kitu kama YouTube ya kawaida iko wazi kwenye TV kwa akaunti yako. Kuna hali yenye vizuizi, unaiwasha kwenye mipangilio, na inaficha video nyingi za watu wazima pamoja na maoni. Inawashwa kwa kila kifaa, usidhani ukiiwasha kwenye simu na TV imeshafunga, na YouTube wenyewe wanasema haikamati kila kitu. TV yetu inatumia Google TV, kwa hiyo nimetengeneza profaili ya watoto kwenye TV yenyewe: nachagua programu zipi zionekane, napanga muda wa kutazama na saa ya kulala, na kuitoka kunataka namba. Kwenye tableti Family Link, programu ya Google ya wazazi kusimamia vifaa vya watoto, inafanya kazi kama hiyo, hakuna programu inayoingia bila mimi kuikubali kwenye simu yangu. Kumbuka tu kumfungia na kivinjari, maana YouTube inafunguka na huko pia.

Wenye ruta nyumbani wanaweza pia kubadili DNS, yaani huduma inayotafutia kifaa anwani ya kila tovuti, iwe 1.1.1.3, ile ya kampuni ya Cloudflare kwa ajili ya familia. Inazuia tovuti za ngono kwa nyumba nzima, bure. Usiitegemee ikuchujie kilichomo ndani ya YouTube au Netflix.

Sehemu ngumu haikuwa mitambo. Dada anayeshinda na watoto nilimkalisha nikamwonyesha, nikamwambia, "Ukikuta inataka namba, usinipigie kazini. Warudishe kwenye picha zao." Alielewa, na sasa ni mkali kuliko mimi. Bibi yao ndiye aliyesumbua. Alikuja kukaa nasi, akawasha TV mchana kutafuta tamthilia yake, akakutana na kufuli kila anapobonyeza. Nilivyorudi akanipokea mlangoni: "Mwanangu, mnafunga televisheni kama duka la dhahabu?" Nikamfundisha namba ya Wageni, ambayo ni tofauti na zetu, na nikamwandikia kwa kalamu kwenye daftari lake la namba za simu. Daftari hilo halitoki kwenye mkoba wake, kwa hiyo nina amani.

Likizo ya Desemba wanakuja binamu zao kutoka Moshi, wawili wako sekondari. Profaili ya Wageni nitaishusha hadi 13+ kwa muda huo, na bibi nimeshamtaarifu kwamba baadhi ya tamthilia zake zitapotea hadi Januari. Kilichobaki ni king'amuzi. Nacho kina namba ya kufungia chaneli, ila rimoti yake iko kwa baba yao, na mazungumzo hayo yanasubiri ligi iishe.