Kutuliza gari la zamani barabarani: ununue nini kwanza ukiwa Mtwara au Lindi

Nina Peugeot 504 saluni ambayo marehemu mjomba aliiendesha Lindi kwa miaka mingi. Nilipoileta Mtwara ilitembea vizuri penye njia iliyonyooka, lakini pale Mikindani, barabara inapoizunguka ghuba, bodi ililala upande, usukani ukachelewa kuitika, na kila baada ya tuta gari lilidunda mara tatu ndipo likatulia. Nikaagiza springi fupi na ngumu kutoka Dar es Salaam, zikaja kwa basi, fundi akazifunga Jumamosi. Jumapili tukashika njia ya Lindi. Kabla hatujafika Madangwa, kwenye mfereji uliochimbwa na matairi ya malori, gari liligonga chini mara mbili. Mbele kidogo, kwenye kona yenye viraka, gurudumu la nyuma likaruka pembeni, mke wangu akashika dashibodi kwa mikono miwili.

Pesa ile iliniuma, na ndiyo iliyonifanya nianze kujifunza upya. Huku kwetu lami ipo, ila inabeba malori ya simenti, makaa ya mawe kutoka upande wa Songea, na korosho kuanzia Oktoba. Ina mawimbi, viraka, matuta na rasta kila kijiji. Kwenye lami ya namna hiyo gari linalokata kona vizuri ni lile ambalo magurudumu yake hayaachani na ardhi. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978 ikiwa na miguu, yaani springi na shokapu zake, mirefu na laini. Kwa hiyo ninavyopanga vitu hapa chini, cha juu ndicho kinachokupa utulivu mwingi kwa kila shilingi. Nimepanga kwa ajili ya 504, lakini mwenye Corolla KE70 au Datsun ya zamani anaweza kufuata mpangilio huohuo.

Kabla ya kununua chochote, lala chini ya gari ulitazame. Saluni nyingi za 504 zina miguu ya nyuma inayojitegemea, kila gurudumu na mkono wake, lakini za toleo la L zina eksili nzima, na steshen wagoni pia ina eksili nzima yenye springi nne. KE70 saluni ina springi za koili nyuma, ya steshen ina springi za mabamba. Nimeona mtu akiletewa spea za gari jingine kabisa kwa sababu alimwambia muuzaji jina la gari tu. Ukiwa hapohapo chini chukua bisibisi ugonge vikombe vinavyokalia springi na sehemu zinazoshika shokapu kwa juu. Hewa ya chumvi ya pwani hii inakula chuma kutoka ndani. Bisibisi ikizama, pesa yako ya kwanza ni ya kuchomelea.

Nafasi ya kwanza: bushi, bolijointi na maunti za juu

Hakuna kitu kinachobadilisha gari la miaka arobaini kama raba mpya. Bushi, ile raba ya kwenye maungio, ikifa inauacha mkono wa gurudumu utembee unavyotaka: ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma, ukiongeza mafuta linakwenda mbele, na wewe unahangaika kunyoosha usukani usio na kosa. Ndicho kilichokuwa kinanichelewesha Mikindani. Piga jeki, shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, tazama bolijointi au bearingi. Shika kushoto na kulia: likicheza, tazama tairodi na raki ya usukani. Kisha chukua mtaimbo, sukuma kila mkono pole pole huku mwenzako akimulika tochi kwenye bushi.

Nunua za raba ya kawaida, ugumu uleule aliouchagua mtengenezaji. Utashawishiwa uchukue za poliyurethani, zile za rangi nyekundu au njano, kwa kuwa hazifi upesi. Bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma chake na inajinyonga ndani kwa ndani mkono unapopanda na kushuka. Ya poliyurethani inateleza juu ya bomba, inahitaji grisi, na vumbi la njia ya Newala likishaingia humo inaanza kulia kama mlango wa zizi. Ningeziweka kwenye stabilaiza tu, kile chuma kinachounganisha mguu wa kushoto na wa kulia, ambako zinasaidia bila madhara.

Kuna kosa moja la ufungaji ninalolikuta kila gereji. Gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia, na fundi anabana boliti za bushi hapohapo. Gari likishushwa, raba zote zinakuwa zimenyongwa tangu siku ya kwanza, na baada ya miezi michache zinachanika. Boliti zishikwe kidogo tu, gari likae chini kwa magurudumu yake, ndipo zibanwe hadi mwisho. Mara ya kwanza nilipomwambia hivyo fundi wangu wa Chikongola alinitazama.

"Bosi, nitaingiaje chini gari likiwa limekaa?"

"Tulipandishe kwenye mbao, fundi. Magurudumu yote manne."

Tukalipandisha. Bushi zile zina miaka mitatu sasa.

Nafasi ya pili: shokapu nne nzuri

Springi ndiyo inayobeba gari. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kubeba. Gari likidunda zaidi ya mara moja baada ya tuta, au tairi likiwa na mabonde mabonde ukilipapasa kwa kiganja, shokapu zimekwisha hata kama hazivuji.

Sokoni utakuta aina tatu. Za mafuta matupu ni laini na bei yake ni ndogo, lakini kwenye mawimbi marefu mafuta yanachanganyika na hewa, yanatoa povu, na shokapu inapoteza nguvu ukiwa bado katikati ya safari. Za bomba mbili zenye gesi ya shinikizo dogo zinazuia povu hilo, na ndizo ninazompa mtu yeyote wa huku. Za bomba moja zenye gesi ya shinikizo kubwa, kama nyingi za Bilstein, zinapoa haraka na kazi yake ni safi, lakini ni ghali, na bomba lake likibonyezwa na jiwe pistoni inakwama. Ukitaka kutumia zaidi, Koni nyekundu zinarekebishika upande wa kurudi: raba na springi zikizeeka unaongeza ukakamavu kidogo. Mimi nina za gesi za kawaida na sijatamani nyingine.

Boksi lenye jina kubwa si ushahidi. Kwenye maduka ya Kariakoo na Gerezani kuna mali halisi na kuna mali ya kuigiza, wakati mwingine kwenye rafu moja. Mwombe muuzaji akate kamba inayoubana mti wa shokapu: shokapu yenye gesi inainua mti wake yenyewe, taratibu, bila kusita. Mti ukibaki chini bila kupanda, gesi haimo. Bonyeza na kuvuta mara tano ikiwa imesimama. Usisikie pengo popote. Usinunue moja. Chukua za mbele mbili au za nyuma mbili, na ukiweza zote nne.

Mbele ya 504, kama kwenye KE70, shokapu imo ndani ya bomba la mguu wenyewe, hivyo unaweza kuuziwa kile cha ndani tu. Mwambie fundi aweke mafuta kidogo ndani ya bomba kabla ya kukiingiza, yakizunguke na kukitoa joto. Wengi wanakifunga kikavu.

Nafasi ya tatu: tairi

Wapo watakaoniambia tairi ndilo la kwanza, na kwenye lami ya mji mkubwa ningekubali. Huku, tairi jipya juu ya bushi mbovu litaliwa upande mmoja kabla msimu wa mvua haujaisha.

Kwa rimu za inchi 14, tairi linalopatikana kirahisi ni 185R14C, lile la Hiace. Linadumu na halipasuki ovyo, ndiyo maana limejaa kwenye magari ya zamani. Lakini herufi C maana yake limetengenezwa kubeba mzigo: kuta zake ni ngumu, na chini ya saluni nyepesi linaruka juu ya viraka na kuteleza mapema kwenye lami yenye maji. Tafuta la gari dogo. Mimi nilitoka 175/80R14 nikahamia 185/70R14. Kipenyo kinapungua milimita 21, gari linashuka kama sentimita moja, na usukani unaitika upesi bila kuugusa mguu hata kidogo. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT ubavuni mwa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililoanikwa mlangoni kwa duka miaka mitano liache hapohapo.

Alaimenti

Hii ni huduma ya kunyoosha magurudumu, lakini itengee pesa pamoja na hayo matatu. Ifanywe baada ya bushi, si kabla. Nenda na vipimo vya kitabu cha gari lako, na udai karatasi yenye namba za kabla na baada.

Nafasi ya nne: stabilaiza nene

Sasa ndipo tunaanza kuongeza kitu ambacho kiwanda hakikuweka. Ukakamavu wa chuma hiki unakua kwa kipenyo kwa kipeo cha nne (kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo), kwa hiyo kutoka milimita 20 hadi 22 kunaongeza karibu asilimia 46. Ongezeko dogo linatosha. Bodi inalala kidogo kwenye kona na springi laini inabaki. Gharama yake ni kwamba gurudumu moja likiingia shimoni, la upande wa pili linavutwa nalo, na gari linatikisa vichwa vya abiria. Ukinenepesha ya mbele peke yake gari litazidi kusukuma nje ya kona. Badilisha kwanza linki na raba za stabilaiza uliyonayo, kisha endesha mwezi mmoja. Mimi niliishia hapo.

Nafasi ya tano: springi

Springi mpya za urefu wa kawaida ni ununuzi mzuri kama za zamani zimelegea. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mudigadi, pande zote. Tofauti ya sentimita mbili kati ya kushoto na kulia ni springi iliyochoka.

Fupi na ngumu nimeshasimulia. Kibaya zaidi ni kukata. Ukitoa mzunguko mmoja kwenye minane inayofanya kazi, ugumu unapanda kama asilimia 14 huku nafasi ya kushuka ikipungua, na gari likiinuliwa springi inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Kuipasha moto kwa gesi ili ishuke ni kuua chuma kabisa. Fundi akikupendekezea hilo, chukua ufunguo wako uondoke.

Nafasi ya mwisho: koilova

Mguu mzima unaorekebishwa urefu kwa nyuzi kama za skrubu, kwa bei ya vyote vilivyotangulia pamoja. Nyuzi zile na chumvi ya Shangani hazipatani, na baada ya mvua mbili hutazirekebisha tena bila kuzivunja. Mwenye gari la mashindano ana sababu zake. Anayekwenda Masasi kuona wazazi na kurudi Jumapili hana.

Zile springi fupi zipo stoo, zimefungwa kwenye gunia la korosho. Watu wawili wameniomba niwauzie. Nimekataa, kwa sababu wangezifunga.