Fizi Zinavuja Damu Baada ya Kuziba Meno Mengi: Lipia Nini Kwanza?

Aliyezibwa meno mengi ya nyuma, kisha fizi zikavimba na kuvuja damu, hutajiwa tiba nyingi kwa mkupuo: kusafishwa kwa kina, leza, dawa ya kusukutua, upasuaji. Tiba tunayoiweka mbele ya zote mara nyingi haimo hata kwenye orodha ya bei: kukagua kingo za vijazo vyenyewe, yaani vile vilivyozibia meno.

Kijazo cha kati ya meno mawili kikitokeza kidogo tu karibu na ufizi, huacha kibaraza ambacho mswaki haukifikii, na ukoga unajificha hapo. Dalili yake utaiona nyumbani: uzi wa meno unakwama au kuchanika mahali palepale kila siku. Daktari huthibitisha kwa eksirei ya kung'ata, inayopigwa ukiwa umeng'ata kishikio chake. Kibaraza kidogo husawazishwa kwa kichwa chembamba cha almasi na utepe wa msasa. Kikubwa, au chenye jino linalooza chini yake, kijazo kibadilishwe. Ukisafishwa huku kibaraza kimebaki, ugaga utarudi palepale na pesa imepotea. Kijazo kilichozama mno chini ya ufizi ni jambo jingine. Kati ya ukingo wake na mfupa panahitajika takriban milimita 3. Pakikosekana, ufizi huvimba hata usafi uwe mzuri namna gani, na hapo huenda upasuaji mdogo wa kuurefusha mwili wa jino, yaani kupunguza ufizi au mfupa ili jino litokeze zaidi, ukahitajika.

Kusafisha kwa kina, chini ya ufizi na kwa ganzi, ndiyo huduma inayostahili bei yake, mradi vipimo vitangulie: kina cha nafasi kati ya ufizi na jino, sehemu sita kuzunguka kila jino. Milimita 1 hadi 3 bila damu ni salama. 4 na zaidi ni mfuko, yaani ufizi umeachana na jino. Kliniki isiyokuandikia namba hizi haitaweza kukuonyesha kama umepona. Mwombe mtoa huduma awe mwangalifu na ncha ya mashine ya mtetemo kwenye kingo za vijazo vyeupe, maana huzikwangua. Tarajia fizi kunywea, meno kuonekana marefu, na baridi kuuma kwa wiki kadhaa. Pimwa tena baada ya miezi 3. Mifuko ya milimita 6 au zaidi iliyobaki ndiyo ya kujadili upasuaji, si kabla.

Leza hatuipi alama. Mwongozo wa Shirikisho la Periodontolojia (tiba ya fizi) la Ulaya wa 2020 unashauri isiongezwe juu ya usafishaji huu.

Dawa ya kusukutua, klorheksidini ya asilimia 0.2, ni msaada wa muda: mililita 10, dakika moja, asubuhi na usiku, wiki mbili. Isukutue nusu saa baada ya kupiga mswaki, kwani dawa ya meno huipunguza nguvu. Haifiki ndani ya mifuko, na hutia madoa kwenye kingo za vijazo vyeupe.

Vibrashi vya kati ya meno ndivyo vya kudumu navyo. Vya chapa ya TePe huanzia waridi (milimita 0.4), chungwa (0.45), nyekundu (0.5) hadi buluu (0.6) na kuendelea, kinywa chenye vijazo vingi huhitaji saizi mbili au tatu. Kibrashi kijae pengo bila kulazimishwa. Damu ya siku za mwanzo isikutishe, endelea. Ikishakoma kwingine kote na kubaki pengo moja tu, rudi ukakaguliwe kijazo cha hapo.