Kupima macho ya mama huku Ibanda, Bukavu: saa tatu ambazo sijutii

Mama anauza sambaza, wale samaki wadogo, soko la Kadutu. Alipoanza kuchanganya noti ya franka 500 na ya 1,000, nikampeleka kwenye kliniki moja ya macho huku Ibanda, ambako madaktari vijana wanajifunza chini ya mwalimu wao.

Nilikuwa na hofu kwamba watamtumia kujifunzia tu. Sivyo. Dokta kijana alimwita "mama", akamsomesha herufi, akapima presha ya macho, akamtia dawa ya kupanua mboni. Kisha mwalimu akarudia kila kipimo mwenyewe. Kijana alipotaka kuandika matone ya timololi, dawa ya kushusha presha ya jicho, mwalimu akamsimamisha: "Umemuuliza kama ana pumu?" Hakuwa ameuliza. Dawa hiyo inaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Mama hana, lakini swali lile peke yake lilinifanya niwaamini.

Ana magonjwa mawili. Jicho la kulia ni mtoto wa jicho: lenzi imepata ukungu, watampasua na kumwekea nyingine. La kushoto ni glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa presha kubwa ndani ya jicho, na mshipa huo ukishakufa haurudi. Matone yanalinda kilichobaki tu. Inauma, maana mwaka jana duka moja lilimuuzia miwani bila kumpima presha.

Foleni ni ndefu, viti vichache. Nendeni mapema, na mtu wa kumshika mgonjwa mkono wakati wa kurudi, kwa sababu ile dawa ya mboni inatia kiwi kwa saa kadhaa. Sisi watoto wake tumeambiwa tupimwe pia, maana glakoma inaweza kurithiwa. Mimi naenda Jumanne.