Maiki za dramu nilizobaki nazo baada ya miaka saba ya jukwaa na studio

Boksi langu la kwanza la maiki za dramu lilikuwa na maiki saba zilizolala kwenye sponji nyeusi kama mayai kwenye trei, na bei yake haikufika ya maiki mbili nzuri. Nililinunua kwa malipo ya shoo tatu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kazi ya fundi mitambo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, nikaamini kila ngoma ikipata maiki yake kazi imekwisha. Usiku ule wa kwanza ukumbini nilifungulia zote saba, dramu ikatoka kama sufuria zinazogongwa ndani ya pipa. Nikazizima moja baada ya nyingine, na kila niliyoizima sauti ilizidi kutakata. Tulimaliza shoo na maiki tatu.

Kilichotokea ni hiki. Kila maiki inasikia ngoma yake, lakini inasikia pia kila kinachopigwa jirani. Matoazi yanaingia kwenye maiki zote saba, kila moja kwa umbali wake, na sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo pigo lilelile linafika kwenye miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, mara saba, likiwa limechelewa kidogo hapa na kidogo pale, na mapigo hayo yanakulana. Kwenye bendi ya dansi hali ni ngumu zaidi kwa sababu mpiga tumba anakaa bega kwa bega na mpiga dramu, na ala za upepo haziko mbali. Tangu siku ile, maiki ya dramu naipima kwanza kwa kile inachokataa kusikia. Ubora wa sauti yenyewe nauangalia baadaye.

Nianze na ngoma ya mguu. Natumia Shure Beta 52A, na kwa jukwaani sijaona sababu ya kuibadilisha. Inasikia mbele kwa upana mdogo, na inavumilia kishindo ambacho maiki ya kuimbia ingekirudisha kikiwa kimepasuka. Ile sauti ya kigongo kugusa ngozi, ule “tak” unaotangulia “dum”, inatoka yenyewe kabla sijagusa ikwalaiza (kirekebisha sauti), na sebene likichanganya ule “tak” ndio unaowaongoza wachezaji. Naipitisha kwenye tundu la ngozi ya mbele hadi kichwa kiwe ndani kidogo tu. Ikikaa tunduni kabisa inapigwa na upepo unaotoka kila mguu unaposhuka, nikiizamisha sana mvumo unapungua na kubaki ule “tak” mtupu. Sentimita tano zinabadilisha kila kitu, kwa hiyo nasogeza maiki kwanza, vitufe baadaye.

Lina kasoro moja kubwa hili dude: uzito. Gramu 605 mwishoni mwa mkono wa stendi ni nyingi. Stendi zangu za zamani zilikuwa zinainama taratibu bila mtu kuona, ikifika saa ya pili ya shoo maiki imelala juu ya blanketi lililomo ndani ya ngoma, nami nashangaa besi imeenda wapi. Ukiinunua, tenga na pesa ya stendi fupi yenye kitako kizito.

Kwenye snea, ile ngoma ndogo yenye sauti kali, nina Shure SM57, maiki iliyotoka mwaka 1965 na bado iko kwenye snea kila pembe ya dunia. Hapa niseme yaliyonikuta. Ya kwanza niliinunua kwenye duka moja Kariakoo kwa bei iliyonifurahisha. Maandishi yaleyale, kimfuko kilekile. Jukwaani snea ikawa nyembamba kama inapigwa kwenye bati, na haihati, yale matoazi mawili yanayofunguliwa na kufungwa kwa mguu, ikachoma masikio. Wiki mbili nilimlaumu mpiga dramu na ngozi zake. Nasikitika kwa hilo, na nilimwomba radhi. Mwenzangu mmoja alipokuja na yake, tukaziweka zote mbili kwenye mizani ya duka la jirani. SM57 halisi ina gramu 284, na ya kwake ilifika hapo. Yangu ilikuwa nyepesi mno. Nilipoifungua nyumbani sikuona transfoma ndani, wakati ya halisi inayo. Nikarudi dukani, nikaonyeshwa maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Iliniuma, kwa sababu pesa ile ilikuwa ya ada ya mdogo wangu na niliichukua kwa ahadi ya kuirudisha ndani ya mwezi. Ukienda kununua maiki hii nenda na mizani ndogo ya jikoni, wala usione haya kuiweka juu ya kaunta. Muuzaji mwenye mali halisi hatakasirika.

Ya halisi niliyopata baadaye ni kitu kingine. Inasikia kwa mbele, na uziwi wake mkubwa uko nyuma kabisa, pale waya unapoingia. Basi naiingiza kati ya haihati na tomu ya kwanza (tomu ni zile ngoma nyingine za seti), kichwa kikiwa vidole viwili juu ya ukingo na kikitazama katikati ya ngozi, na mkia nauelekeza kwenye haihati. Watu wengi wanaifunga popote stendi inapofika, halafu wanapambana na haihati kwenye miksa usiku kucha. Geuza mkia tu. Tofauti nilisikia mara moja, na mpiga tumba, ambaye hakuambiwa chochote, aligeuka kuangalia spika.

Angalia pia na monita ya mpiga dramu, ile spika anayojisikilizia jukwaani. SM57 haitaki tabu, monita ikikaa nyuma yake ni sawa. Beta 52A na ndugu zake wenye upana mdogo wa kusikia wana kasikio kadogo nyuma kabisa, na uziwi wao uko pembeni kwa nyuma, kama nyuzi 126 kutoka mbele. Ukiiweka monita mgongoni mwao ukidhani umekaa salama, utaanza kusikia mvumo usioisha kila ukipandisha besi.

Tomu sina mengi. Sennheiser e604 tatu, gramu 60 kila moja, zinabanwa kwenye ukingo wa ngoma na hazihitaji stendi. Kwenye majukwaa yetu ambako watu kumi wanagombania nafasi, kuondoa stendi tatu ni neema. Zimepigwa fimbo mara nyingi na bado zinafanya kazi.

Studio ndiko nilikolazimika kujifunza upya. Chumba changu ni mita 4 kwa 3, dari fupi, na mpangilio ule wa jukwaani ulinipa dramu iliyokatwa vipande: hapa mguu, pale snea, pale tomu, hakuna mtu aliyekaa akapiga. Jukwaani ukumbi wenyewe unasikia dramu, maiki zinaongezea tu. Kwenye rekodi msikilizaji hana kingine zaidi ya ulichonasa. Hapo maiki zinazotazama seti nzima kwa mbali zinakuwa ndizo dramu, zile za karibu zinabaki wasaidizi.

Nilinunua jozi ya Rode NT5, kondensa (maiki zenye usikivu mwingi) ndogo mbili zilizolinganishwa kiwandani. Zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa au kadi ya sauti, na zinasikia kila kitu, hata kiti cha mpiga dramu kikilalamika. Naziweka kwa njia ya fundi Mwingereza Glyn Johns, aliyerekodi Led Zeppelin na Rolling Stones: moja juu ya seti kama inachungulia snea, nyingine chini pembeni, nje ya tomu ya sakafuni, ikitazama haihati. Siri iko kwenye kamba. Nashika ncha moja katikati ya snea, navuta hadi kwenye maiki ya juu, nafunga fundo, halafu naivuta kamba ileile hadi kwenye maiki ya pembeni na kusogeza stendi mpaka fundo liguse kichwa chake. Umbali wao kutoka kwenye snea ukipishana sentimita 35, snea inafika kwa moja ikiwa imechelewa kama sehemu moja kati ya elfu ya sekunde, na ukizichanganya unapoteza sauti za karibu na hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde), yaani kifua cha snea. Nimewahi kurekodi wimbo mzima bila kupima, na snea ile hakuna ikwalaiza iliyoirudisha. Tulipiga upya siku nzima.

Dari fupi ilinisumbua kuliko maiki. Matoazi yalikuwa yanapanda, yanagonga saruji na kurudi kwenye NT5 yakiwa na ukali wa bati. Nilitundika magodoro mawili ya inchi sita juu ya seti, na ukali ule ukaondoka. Kama una pesa ya kondensa za bei kubwa na chumba kama changu, nunua magodoro kwanza.

NT5 nazipeleka jukwaani mara chache, kwenye uwanja wa wazi tu. Kumbi zetu ndogo zimeshajaa matoazi hata kabla sijawasha mitambo. Halafu kuna unyevu wa pwani. Kondensa haipendi jasho wala hewa ya chumvi, na msimu wa masika moja ya zangu ilianza kutatarika kama mafuta yanayoingiwa na maji. Nikaifungia siku mbili kwenye kopo la plastiki lenye vipakiti vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ikanyamaza. Sasa jozi nzima inalala humo, pamoja na ile kamba yenye fundo.