Kilwa Kisiwani siku ya Jumanne, na mzee mwenye goti bovu

Baba yangu amekuwa fundi muashi karibu miaka arobaini. Sasa goti la kulia halimruhusu kusimama hata robo saa. Desemba nilimpeleka Unguja, tukapigwa na jua kwenye foleni ya boti mpaka akaishia kukaa juu ya begi la mtu asiyemjua. Iliniuma sana. Nikasema safari ijayo haiwi ya Desemba, haiwi ya wikiendi, na haiwi kule kila mtu anakokwenda.

Juni tukapanda basi Mbagala Rangi Tatu, tukashuka Nangurukuru, tukachukua gari jingine hadi Kilwa Masoko, tukalala. Asubuhi yake, Jumanne, kibali cha kuingia magofu ya mji wa kale ulioko kisiwani, Kilwa Kisiwani, tulikilipia ofisini pale pale Masoko, na mtembezaji tukapewa hapo hapo. Mbele yetu hapakuwa na mtu. Karani alikuwa ameshakata risiti Baba hajamaliza hata kuvuta kiti.

Nauli ya mashua patana kabla hujapanda. Nahodha wetu alituhimiza tuwahi: "Mzee wangu, kusi likiamka mchana mtalowa." Alisema kweli, maana tuliporudi saa nane nguo zilikuwa za kukamua.

Sasa Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, ile yenye makuba ikaongezwa baadaye. Baba alivua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo, akapitisha dole gumba kwenye maungio ya mawe taratibu, kama anayekagua kazi ya kijana wake. "Hapa hamna saruji hata chembe," akaniambia. Ni matumbawe na chokaa tu. Mtembezaji akamweleza jinsi matumbawe yanavyopangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka yawe chokaa. Baba akauliza chokaa hiyo inalazwa siku ngapi kabla ya kutumika, wakaanza kubishana, na mimi nikakaa kivulini chini ya kuba nikiwasikiliza. Ilipita nusu saa nzima. Hakuna aliyekuwa nyuma yetu anasubiri apige picha, hakuna aliyetuambia tusogee. Sijamwona Baba akizungumza vile tangu aache kazi.

Husuni Kubwa tulikwenda kwa mashua badala ya kutembea, kwa ajili ya goti. Ndiyo ikulu ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Kuna birika la kuogea lenye pembe nane, limekauka, liko juu ya mwamba unaotazama bahari. Tulikaa ukingoni mwake tukala mihogo tuliyobeba, sisi watatu na upepo. Gereza, ile ngome ya zamani, tulilipita haraka, Baba alikuwa amechoka.

Kasoro zipo. Vivuli ni vichache, kwa hiyo beba maji ya kutosha na kofia. La pili ndilo lililonikera: tulifika maji yamekupwa, mashua haikuweza kusogea ukingoni, ikabidi vijana wawili wamshike Baba makwapani avuke maji ya magotini. Walimshika kwa heshima, lakini mzee wa watu aliona haya. Ukienda na mtu mzima, muulize nahodha jana yake maji yanajaa saa ngapi, mpange kufika yakiwa juu. Uliza pia kama kuna meli ya watalii inayotia nanga siku hiyo, kwa sababu siku hizi zinakuja, na zikija utulivu huo huupati.

Natoa nyota nne. Ya tano nitaitoa siku nitakayokuta ngazi ambayo mzee anaweza kushuka mwenyewe, kwa sababu tutarudi: Baba ameshamuuliza nahodha Songo Mnara, kisiwa kingine chenye magofu, ni mwendo gani.