2001: A Space Odyssey: filamu kwanza, kitabu baadaye

Kosa langu lilikuwa kumwalika mjomba. Tumeketi nyumbani Majengo na kahawa chungu, nikaiweka filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968. Skrini nyeusi tititi, muziki tu, dakika karibu tatu. Mjomba akainuka kukagua waya wa televisheni. "Hii picha haitoki." Ilipotoka, ikawa ni watu-sokwe, na mpaka mtu aje aseme neno ni kama dakika 25. Mjomba keshalala.

Mimi niliimaliza nikabaki na maswali, ndipo nikakitafuta kitabu cha Arthur C. Clarke. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba, shilingi 150. Wengi hudhani filamu ilitolewa kitabuni, kumbe hadithi waliipika pamoja, na riwaya ikachapishwa mwaka uo huo, filamu ikiwa tayari imeonyeshwa.

Filamu inaishia kwenye sayari ya Mshtarii. Kitabu kinaipita hiyo hadi sayari ya Zohali, maana Kubrick hakuridhika na pete za Zohali alizotengenezewa.

Utamu wa kitabu ni HAL, kompyuta inayoendesha chombo. Filamu inakudokezea tu. Clarke anakupa kisa chote: HAL kaumbwa asipotoshe ukweli, kisha akaamriwa awafiche wanaanga wa chombo hicho, Bowman na Poole, sababu ya safari. Siri ikamla ndani kwa ndani. Kitabuni anafungua milango, hewa yote itoke, wanaanga wengine waliolazwa usingizini kwa safari wanakufa, na Bowman anajitupa kwenye kijichumba cha dharura. Nilifika hapo feri ya Likoni ikiwa katikati ya maji, mikokoteni imenibana miguu, jasho linanitiririka, na pumzi nimeizuia. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, waumwa?"

Kwenye filamu Bowman yuko nje, helmeti hana, mlango kanyimwa. Anajirusha ndani bila sauti yoyote kusikika. Hapo Clarke na maneno yake yote hafui dafu.

Muuzaji aliniapia kitabu ni kamili. Karatasi ya mwisho haikuwemo. Mwisho nikaumalizia kwenye simu ya mwenzangu kazini. Filamuni Bowman, aliyegeuka mtoto wa angani, anaitazama tu Dunia. Kitabuni analipua silaha za nyuklia zilizowekwa angani. Nimeusoma mara mbili, na bado nautaka ule wa kutazama tu.